Tulivyomnyamazia Kobe

Tarehe 4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mkono huu huu unaotetemeka, ila usishtuke, unatetemeka kwa sababu kalamu ya mpwa wako ni nyembamba kama njiti.

Baada ya salamu zangu pokea za baba yako, yuko hapa kitandani ananitazama ninavyoandika. Yeye hajambo, mguu mmoja tu umegoma kidogo na ulimi nao umekuwa mvivu, mambo ya uzee hayo. Dada yako anakusalimu sana, saluni yake inakwenda, siku hizi kaweka kioo kikubwa mpaka wateja wanajiogopa wenyewe. Shemeji yako anakusalimu, lori limeharibika tena, kwa hiyo tunaye nyumbani anatufundisha kuosha masufuria ambayo yeye hajawahi kuyaosha. Binti yao anakusalimu, kamaliza mtihani anasubiri majibu. Mdogo wake anakusalimu, meno mawili ya mbele yamemtoka na anasema mjomba amletee mengine. Mwenye duka wa ng'ambo ya barabara kasema nikisahau kukusalimia kwa niaba yake nisije kwake kununua chumvi. Hata paka anakusalimu, ingawa huyo humjui, alikuja wewe umeshaondoka.

Sisi ndio hivyo, wazima. Shaka yangu ni wewe.

Juzi dada yako alipiga simu kazini kwako. Kaambiwa, "Huyo fundi wa lifti yuko likizo, hatujui mpaka lini." Mwanangu, tangu uanze hiyo kazi nimekusikia lini ukichukua likizo? Dada yako anasema umefukuzwa unaona haya kusema. Shemeji yako anasema umeoa kimyakimya. Mimi sisemi kitu, mimi silali tu.

Ningekupigia mwenyewe lakini najua simu na wewe hamjapatana tangu zilipoingia duniani. Ndiyo maana naandika. Barua huwa unajibu.

Halafu kuna hili. Miaka minne hujakanyaga hapa. Mara ya mwisho ulikula chakula cha mchana, hukumaliza hata maji, ukasimama ukasema lifti imekwama na watu ndani. Kila ukija lifti inakwama. Hao watu wa mjini kwenu hawajui ngazi?

Njoo baba yako akuone. Sisemi zaidi ya hapo. Njoo tu.

Mama yako.


Tarehe 27 Februari

Mama,

Shikamoo. Nisalimie Baba, Dada, Shemeji, binti, mdogo wake, mwenye duka na paka.

Sijafukuzwa na sijaoa. Kazini walisema nimeshakuwa mtu mzima mno kwa kupanda kwenye mashimo ya lifti, wakanihamishia ofisini nipokee simu za watu waliokwama. Ni chumba kimoja chenye simu nyingi, zote zinalia, na taa ya juu inayotoa mlio ambao wenzangu wanasema hawausikii. Nilivumilia hadi mwezi wa kumi na moja. Siku moja nilikutwa na mlinzi nimekaa kwenye ngazi za dharura nimeziba masikio. Aliniuliza jina langu nikashindwa kulisema. Nililijua, lakini halikutoka.

Daktari wa kampuni akanipeleka kwa mtaalamu. Ni mama wa makamo, haulizi haraka. Nimekwenda kwake mara kadhaa. Mwishoni aliniambia nina usonji.

Usonji hauambukizi na sikuupata ukubwani. Nilizaliwa nao. Ni namna ubongo ulivyoundwa. Nina miaka hamsini na minne, nikamwuliza kwa nini hakuna aliyeona. Akasema nilijificha vizuri mno. Kuna neno lao, kuvaa barakoa, maana yake ni kumwiga mtu wa kawaida mchana kutwa. Aliniambia pia kwamba usonji una wigo mpana, na kwamba kilichonipata kwenye ngazi kinaitwa kuzima.

Watu huniuliza kama sasa nimefarijika. Najisikia kama fundi aliyeletewa mchoro wa mashine wakati mashine imeshaungua.

Lifti haikukwama siku ile, Mama. Wala siku nyingine zile. Naomba radhi.

Mwanao.


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Salamu zote za hapa ni kama zilivyokuwa, watu ni walewale, ila jino moja la mpwa wako limeanza kuchomoza. Baba yako hajambo.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua. Nikaenda kuchota maji nikasahau ndoo bombani.

Mwanangu, usonji ninaoujua mimi ni wa yule mtoto wa mwalimu, asiyesema, anayezungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima. Wewe una cheti! Una nyumba yenye funguo! Ulikuwa mtoto mtulivu, ukipanga misumari ya baba yako kwa urefu, na mimi nikijisifia kwa majirani kwamba wangu hanipi tabu. Wenzako ndio waliokuita Kobe, mimi niliona ni utani wa watoto, na wewe ukaitika.

Nilimsomea dada yako. Akasema, "Mama, Kobe ana maringo tu. Siku hizi kila mwenye tabia yake anaitafutia jina la hospitali." Shemeji yako akadakia, "Basi mimi nina usonji wa masufuria." Nikamwambia atoke jikoni kwangu na akitoka asirudi na mdomo huo.

Sasa mimi shule yangu unaijua, iliishia darasa la tatu, ukiniandikia neno gumu niwekee na mfano pembeni. Dawa ipo? Hiyo barakoa ni ya kitambaa au ni ya kusema tu? Na huo wigo, wewe uko mwanzoni au mwishoni? Niambie uko mwanzoni.

Na niambie tukufanyie nini. Usinionee haya. Nieleze kitu kimoja kimoja kama unavyomwelekeza mtu njia, nami nitafuata ulivyosema, sitapunguza wala kuongeza.

Nijibu, roho yangu iko juu juu.

Mama yako.


Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Salamu kwa wote kama safari iliyopita.

Dawa haipo. Mtaalamu anasema si kitu cha kuponywa.

Barakoa ni ya kusema tu. Wigo si foleni, hakuna mwanzo wala mwisho. Fikiria ule ubao wa vitufe ndani ya lifti. Kwa mtu mmoja kinawaka hiki na kile, kwa mwingine vinawaka vingine. Mtoto wa mwalimu ana vyake. Mimi ninaongea, lakini kitufe cha sauti na kitufe cha watu kwangu vinawaka muda wote, havizimiki.

Umetaka mfano. Mfano ni salamu. Mtu akiniuliza habari za asubuhi, jibu nalijua, lakini kulitoa ni kunyanyua mzigo, na kabla sijautua anauliza habari za kazi. Kumtazama machoni ni mzigo wa pili. Nikija nyumbani naanzia kwa mwenye duka, nafuata wanawake wa bombani, halafu majirani, halafu mlangoni nyote kwa pamoja na cherehani yako inaunguruma. Nikifika kitini nimeshaisha. Hapo ndipo natafuta lifti iliyokwama.

Umeuliza mnifanyie nini. Ningependa kuja nyumbani niingie nikae, nisiulizwe, nisitazamwe, watu waendelee na shughuli zao kama vile nilikuwepo tangu asubuhi. Ilikuwa hivyo karakanani kwa Baba. Yeye akipiga randa, mimi nikishika ubao, jua linazama hatujasemeshana. Kwa Baba sikuvaa kitu. Ni yeye peke yake.

Dada ameniandikia kwamba Baba alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa saba na kwamba hawezi kutembea wala kuongea. Wewe uliandika mguu umegoma kidogo. Mama, mimi huamini kilichoandikwa. Ungeandika kiharusi ningekuja wakati ule.

Nitakuja Jumamosi tarehe 10 Mei.

Mwanao.


Tarehe 21 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Salamu leo zimefurika, sijui nianzie kwa nani. Baba yako, dada yako, shemeji yako ambaye lori limepona, binti aliyefaulu, mdogo wake mwenye jino jipya, mwenye duka, paka, wote wanakusalimu, na mimi nakusalimu mara mbili. Pokea sasa kwenye karatasi, upokee zote, uzimalize hukohuko.

Kuhusu baba yako umenisema na ni haki yako. Nilidhani nikiandika lile neno utaanguka huko peke yako na nani wa kukuinua. Nilikuwa nakupunguzia. Kumbe mwenzangu unasoma maneno yalivyo.

Basi leo nakuandikia yalivyo. Upande wake wa kulia umelala wote. Anakula kwa kijiko, mimi namlisha. Lakini sikiliza. Tangu nilipomwambia unakuja kaanza kujifundisha kusema. Kila asubuhi mdomo unapinda, jasho linamtoka, anasukuma. Anataka kukuita jina lako la nyumbani. Ameshapata "Ko". Hilo lililobaki linamshinda, linaishia kwenye meno. Jana kanitazama kama aliyeshinda mbio. Nikamfuta mate nikamwambia siku bado zipo, mzee wangu, utafika.

Na mimi kuna jambo nimekuandalia. Sikwambii, utaliona mwenyewe na moyo wako utatua. Nimezunguka mtaa mzima kwa miguu yangu hii yenye baridi yabisi. Mwenye duka alibisha sana, tukatupiana maneno mbele ya wateja, mwishowe kakubali. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Kila ulichosema nimekishika.

Wewe njoo tu.

Mama yako.


Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Salamu zangu leo ni fupi. Sote tupo.

Ulifika. Usiniambie hukufika, nyayo zako nitazijua hata nikiwa chini ya udongo, unaburuta kisigino cha kushoto. Nilikusikia ukiingia uani. Nilikusikia ukipiga hodi. Nikatulia, nikasema moyoni sasa anaingia, sasa anakaa. Nikadhani unavua viatu. Nilipogeuka mlango ulikuwa mtupu, jua tu limeingia mpaka kwenye mkeka.

Nikatoka na khanga moja. Mwenye duka kanionyesha kwa kidole upande wa kituo. Nilipofika kituoni vumbi la basi lilikuwa bado halijakaa chini.

Tulikukosea wapi? Tulifanya kila ulichosema. Kila kitu! Chakula kipo mpaka leo, hakuna aliyekigusa, hatimaye kimechacha.

Niandikie. Hata kwa hasira, niandikie.

Mama yako.


Tarehe 30 Juni

Mama,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nimezima. Safari hii hata mikono haikuandika.

Nitaeleza kwa mpangilio.

Nilishuka kituoni. Mwenye duka aliniona nikiwa mbali. Nilikuwa nimeshaandaa salamu yake, nilikuja naisema tangu ndani ya basi. Alipohakikisha ni mimi aligeuka akatazama rafu za sabuni na hakugeuka tena. Wanawake wa bombani walikuwa wanaongea, wakanyamaza, wakainamia ndoo zao. Jirani aliyekuwa anafagia aliingia ndani. Binti wa Dada alikuwa anaanika nguo, akajificha nyuma ya shuka, nikaona miguu yake.

Mlango ulikuwa wazi. Wewe ulinipa mgongo. Ulikuwa umekaa kwenye cherehani na cherehani haiendi. Dada alikuwa anapanga vikombe hainui kichwa. Nilipiga hodi, hakuna aliyeitika. Nikapiga ya pili, macho yangu yakiwa kwenye kizingiti. Kitandani sauti ya mtu ikaanza, mtu mwingine akaizima. Nilisikia vizuri akiambiwa "shh". Nikapiga hodi ya tatu.

Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa mtu anaondoka, hata mlango ukiwa wazi, hata ukiwaona watu ndani. Mambo mengi ya watu siyaelewi, lakini hilo nililishika kwa sababu liko wazi. Niliondoka.

Nilidhani hilo ndilo jibu la barua zangu. Kwamba mlikaa wote, mtaa pamoja na ndugu, mkaamua mtu wa namna yangu hasalimiwi. Nimekaa na jambo hilo tangu Mei.

Sasa unasema mlifanya kila nilichosema. Sielewi. Nieleze.

Mwanao.


Tarehe 8 Julai

Mwanangu, mwanangu,

Salamu nitaziweka mwishoni, nisamehe, leo siwezi kuanza nazo.

Ni mimi. Hakuna aliyekukataa, ni mimi niliyewakataza. Uliandika salamu ni mzigo, nikasema nani tena atambebesha mwanangu mzigo, nitamtua yote. Nikaenda nyumba kwa nyumba. "Jumamosi mwanangu anakuja, akipita msimsalimu, msimtazame." Mwenye duka akaniambia, "Mama, mimi hata mbwa wangu namsalimu! Nimkalie kimya mtoto niliyemuuzia peremende?" Nikamwambia msalimu mbwa wako, mwanangu mwachie njia. Kajizuia kweli, masikini, nasikia alikuwa anahesabu sabuni huku machozi yanamlengalenga. Binti alicheka kwa woga akajificha. Dada yako alisema, "Mama, hii si sawa, mtu hapokelewi kama mwizi." Nikamkemea. Nikamwambia wewe hujasoma barua, mimi nimesoma.

Na cherehani niliizima kwa ajili ya masikio yako. Nikageuka ukutani kwa ajili ya macho yako. Uliposema hodi, mwanangu, "karibu" ilinijaa mdomoni mpaka ikaniuma meno. Nikaimeza. Nikasema nikiitika itabidi naye ajibu, aanze kubeba. Uliandika uingie ukae kama uliyekuwepo tangu asubuhi. Na aliyekuwepo tangu asubuhi anaitikiwa hodi? Ndivyo nilivyofikiri kwa kichwa changu hiki cha darasa la tatu.

Sasa lile "shh". Nilitaka nisikuandikie, lakini umesema unaamini kilichoandikwa, na kisichoandikwa utakijaza mwenyewe.

Alikuwa baba yako. Alikusikia hodi ya kwanza. Akajivuta juu ya mto kwa ule mkono mmoja, nikamsikia nyuma yangu anasukuma, "Ko... Ko..." Mwanangu, siku ile lilikuwa linatoka. Naapa lilikuwa linatoka lote. Nikainuka nikamwekea kiganja mdomoni, nikamwambia shh, mzee, tumekubaliana. Akanitazama juu ya mkono wangu. Nikarudi kwenye cherehani nikakaa.

Tangu siku hiyo hajasukuma tena neno. Kila asubuhi nakaa mbele yake namwambia sema, sema mzee wangu, sasa ruhusa. Anafumba.

Njoo tena. Tutakusalimu wote, au hatutakusalimu, au mmoja tu akusalimu, wewe chagua nani. Niambie tu usawa wake uko wapi, maana mimi kila nikishika upande huu upande ule unaponyoka.

Baba yako anakusalimu. Dada yako anakusalimu, kaacha kusema habari ya maringo. Shemeji yako anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Mwenye duka anakusalimu, anakusalimu sana, kaniambia niandike mara mbili.

Mama yako.


Tarehe 29 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Nimeelewa. Nimesoma polepole na kila hatua inafuatana. Sina hasira na wewe wala na mwenye duka. Ulifanya nilichoandika. Sikuandika kwamba sauti yako mlangoni si mzigo. Sikujua kwamba jambo kama hilo linahitaji kuandikwa.

Nilimpelekea mtaalamu barua yako. Aliisoma kwa muda mrefu, akavua miwani. Ameniambia kuelewa ni jambo moja na mwili ni jambo lingine. Nikiufikiria ule mtaa sauti inaondoka. Kuna siku nakaa bila kuongea mpaka kesho yake. Wana neno la hili pia, wanaita uchovu wa usonji. Ni kwa watu waliojificha miaka mingi. Nilimwuliza unaisha lini. Akasema kwa wengine unaisha. Sikuuliza kwa wengine gani.

Kazini wamenipa barua ya kuondoka. Si kwa ubaya.

Sitakuja, Mama. Nimejaribu kuandika "labda" na nimeifuta, kwa sababu wewe ungeishika, na kwangu labda hii haina kitu ndani.

Nimetafuta la kumwambia Baba. Tulikuwa hatusemeshani, kwa hiyo sina pa kuanzia.

Mwanao.


Tarehe 6 Septemba

Mwanangu,

Salamu za baba yako, dada, shemeji, watoto, mwenye duka.

Barua imefika. Nimemsomea baba yako yote, sikuruka kitu, hata pale pa "sitakuja". Nilifikiria kuruka. Alisikiliza akiwa ametazama mlango.

Huna haja ya kutafuta maneno. Njoo ukae kitandani pembeni yake ushike hata ubao. Sitakuwepo, nitakwenda saluni kwa dada yako. Nyumba yote nitaihamisha.

Au niambie nisiihamishe. Sijui tena nishike lipi.

Mama yako.


Tarehe 14 Novemba

Mwanangu,

Ile barua ya Septemba hukuijibu, na ile niliyompa shemeji yako akutumbukizie mlangoni alipopita mjini na lori pia hukuijibu. Kasema aligonga, akasikia mtu ndani anatembea, mlango haukufunguliwa. Nilimwambia kwenye simu asigonge tena, aiache na aondoke. Nilimwambia vizuri?

Nakusalimu. Dada yako anakusalimu, wiki hii kafunga saluni analala hapa na mimi. Shemeji yako kasogeza safari zake. Binti anakusalimu, na mdogo wake, na mwenye duka, anayeleta maziwa kila asubuhi na hataki nimlipe wala nimshukuru.

Baba yako nakuandikia yalivyo, kama ulivyotaka. Hali tena hata kwa kijiko. Maziwa yanatoka pembeni. Daktari alikuja akamshika mkono, akatuambia hospitali haina cha kumwongezea, tukae naye. Ngozi ya mikono imekuwa laini, ile mikono ya randa, huwezi kuamini ni yake. Usiku na mchana hatofautishi. Jambo moja tu analolijua ni mlango. Tukimgeuzia ukutani anasumbuka mpaka tumrudishe. Kivuli kikipita uani macho yanainuka, anaangalia nani anaingia, halafu yanashuka. Kutwa nzima, mwanangu. Macho yanainuka, yanashuka.

Dada yako anasema tumwambie unakuja, afe na furaha. Nimekataa. Nikimdanganya, ataanza tena kusukuma lile neno, na nguvu hiyo hana, itammaliza kwenye jasho.

Sikulaumu. Nimesoma barua zako zote, nimejua kuzima ni nini, nimejua uchovu huo si uvivu, hata mtu akiniuliza mtaani namweleza, na mfano natoa. Maneno nimeyajua yote sasa. Hayanisaidii kitu pale kitandani.

Kwa hiyo sikuombi uje. Nilishaomba. Naomba neno moja tu kwenye karatasi, la kuja au la kutokuja, liandike mwenyewe lilivyo, nami nitaliamini. Likiwa la kuja, nitamwacha aendelee kuangalia. Likiwa la kutokuja, nitaufunga ule mlango na kumgeuzia upande wangu, apumzishe macho.

Lete upesi, mwanangu. Upesi.

Mama yako.